Nyumba Tuliyoikuta Kyangwali

Tuliondoka Kampala mwezi wa Oktoba 2020, saa kumi na moja alfajiri, mimi, mama na wadogo zangu wawili. Vitu vyetu vilikuwa magodoro mawili, sufuria, jiko la makaa, begi la nguo na robota la vitenge ambavyo mama alishindwa kuviuza tangu Machi. Tulikuwa tukiishi Katwe, kwenye muzigo. Waganda wanaita hivyo chumba kimoja cha kupanga, mlango mmoja, ukuta mmoja na jirani. Kwa Kiswahili mzigo ni kitu cha kubeba. Ile asubuhi, tukiwa tumekaa juu ya magodoro kando ya barabara, niliona lugha zote mbili zina haki.

Kuna watu wa mjini wenye kuota kwenda kukaa porini kwa raha zao. Nimewasikia hata wafanyakazi wa mashirika wakisema: siku moja nitaiacha Kampala na foleni zake, nitafute nyumba ya zamani karibu na msitu, niitengeneze polepole kwa mikono yangu. Ni ndoto nzuri. Sisi hatukuiota, lakini njo kitu tulichofanya. Tuliacha mji, tukapewa nyumba mbovu karibu na msitu wa Bugoma, na tumeitengeneza mpaka leo. Katika kuitengeneza nilianza kuuliza nani aliikaa kabla yetu, na nani aliikaa kabla ya huyo. Maswali hayo njo yaliyozaa andiko hili.

Kwa nini tuliacha Katwe

Tulitoka Ituri mwanzoni mwa 2018, wakati vijiji vya Djugu vilikuwa vinachomwa. Tulivuka Ziwa Albert kwa mtumbwi kama maelfu ya wengine, tukateremka Sebagoro. Watu wengi walipandishwa malori kwenda Kyangwali. Mama akakataa. Alikuwa na dada yake Kampala, mwenye kuuza vitenge, na alisema mtu aliyezoea soko la Bunia hawezi kwenda kupewa jembe. Basi tukaenda Kampala, tukajiandikisha huko, na mama akaanza kutembeza vitenge Nsambya, Kansanga na Kabalagala, nyumba kwa nyumba, robota kichwani.

Mkimbizi wa Kampala anajua mapatano yaliyopo hata kama hakuna aliyemsomea. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakuruhusu kutembea na kufanya kazi. Lakini kiwanja na chakula cha mwezi viko kwenye makazi ya wakimbizi. Ukichagua mji, unajitegemea. Na watu wengi wamechagua hivyo: Wasomali wako Kisenyi, Wakongomani tuko Katwe, Nsambya na Makindye, na wengine wengi wametawanyika kila upande wa mji.

Kujitegemea kulikwenda vizuri mpaka tarehe 25 Machi 2020, taksi na mabasi yaliposimamishwa kwa sababu ya korona. Siku chache baadaye hata magari ya watu binafsi yalizuiwa. Nani atanunua kitenge wakati hakuna harusi, hakuna misa, hakuna mazishi ya watu wengi? Kodi yetu ilikuwa laki moja na nusu kwa mwezi. Mwenye nyumba alivumilia miezi mitatu, na kusema kweli wengine hawakuvumilia hata mmoja. Shule yangu ilikuwa imefungwa. Dada ya mama naye alikuwa anatafuta pa kulala.

Hapo njo mama akakumbuka mjomba. Huyu ni binamu yake, aliyekimbilia Kyangwali wakati wa ile vita ya kwanza ya Ituri, ya 1999 mpaka 2003. Jina lake lilitoka kwenye orodha ya kwenda Marekani, akaondoka 2019. Nyumba yake ilikuwa tupu. Ardhi ya makazi ni ya kutumia tu: mkimbizi halipi kodi, lakini hawezi kuiuza wala kuipangisha. Tuliomba kuhamishwa kutoka Kampala, tukasubiri, na mwisho mwenyekiti wa kijiji akasema tunaweza kuingia hapo kwa vile ni nyumba ya ndugu.

Safari ilikuwa ya nauli mara mbili, maana taksi ziliruhusiwa kubeba nusu ya abiria. Tulipita Busunju, tukapita Kiboga, tukafika Hoima jua likiwa kali. Baada ya Kabwoya miti ilianza kuwa mirefu. Mdogo wangu akauliza kama hii ndiyo Kongo. Mama hakujibu. Alikuwa anarudi mahali alipopakataa miaka miwili na nusu nyuma.

Nyumba yenyewe

Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, vyumba viwili. Paa la nyasi lilikuwa limefunikwa na turubai jeupe la UNHCR, na turubai lilikuwa limechanika katikati kama suruali ya mtu anayelima. Mchwa walikuwa wamekula nguzo tatu za upande wa magharibi, kwa hiyo nyumba iliegemea huko. Mlango haukuwepo. Mtu aliuhitaji kuliko nyumba tupu. Usiku wa kwanza mvua ya Oktoba ilitukuta tumelala, tukahamisha godoro mara nne, na mara ya tano tukakaa tu.

Asubuhi niliona vitu viwili ambavyo havikuharibika. Kimoja ni mti wa parachichi nyuma ya nyumba, mkubwa, uliopandwa na mjomba. Cha pili ni ua wa miyenzi upande wa barabara. Miyenzi ni ule mmea wa matawi ya kijani kama vidole, usio na majani ya maana, ukiukata unatoa maziwa yenye kuunguza macho. Ua ule ulikuwa umeacha kuwa ua. Ulikuwa mrefu kupita paa, na mashina yake ni mazito kama mapaja ya mtu. Mjomba hakuweza kupanda kitu kama kile na kikakua hivyo kwa miaka kumi na kitu.

Tuna jirani, Muzee wa Kinyarwanda, aliyebaki wakati wenzake walipoondoka. Nilimuuliza. Akacheka.

"Huo ni uzio wetu," akasema. "Kwetu, mtu akipanda miyenzi kuzunguka nyumba, anasema: hapa ni kwangu. Baba alipanda mwingine kama huo pale chini. Sisi tulikuwa hapa kabla mama yako hajazaliwa."

Waliokaa kabla yetu

Kuanzia Novemba 1959 mauaji na kuchomeana nyumba kule Rwanda kuliwafukuza Watutsi wengi, na sehemu kubwa walikuja Uganda. Serikali ya wakati ule, bado ya Waingereza, ilipitisha mwaka 1960 sheria ya kudhibiti wakimbizi wa kigeni. Sheria ile ilitoka kabla ya uhuru, na iliendelea kutumika miaka mingi baada ya uhuru. Mkimbizi alitakiwa kukaa mahali palipotajwa na serikali, na kutoka bila kibali lilikuwa kosa. Kwa hiyo makazi yalifunguliwa mbali na miji: Nakivale, Oruchinga, Rwamwanja, Kahunge, Kinyara, Kyangwali na mengine. Sehemu nyingi zilikuwa pori. Waliopelekwa huko walipewa vifaa vya kulimia, wakaambiwa waanze.

Muzee ananiambia kwamba watu wazima hawakutaka kupanda migomba, kwa sababu mgomba unachukua zaidi ya mwaka kabla ya kuzaa, na wao walikuwa na hakika ya kurudi kabla ya hapo. Mwaka wa kwanza wakapanda maharage tu. Mwaka wa pili wakapanda maharage tena. Mwaka wa tatu mama yake akapanda mgomba mmoja kwa siri nyuma ya jiko. Wengi wao walikaa zaidi ya miaka thelathini.

Katika miaka hiyo mambo yaliwabana. Mwaka 1982, wakati wa serikali ya pili ya Obote, Wanyarwanda walifukuzwa katika mashamba na nyumba zao kule Ankole. Wengine walikimbilia mpakani, wengine wakarudi kwenye makazi walikotoka. Mwaka 1990 vijana wao walianza vita ya kurudi Rwanda, na mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, wengi waliondoka Uganda. Waliacha nyumba, makaburi, na miyenzi.

Baada yao walikuja wengine. Wakongomani walikuja kwa vipindi, kila vita na watu wake. Wasudani wa kusini walikuja kwa njia ndefu zaidi. Walikuwa wamekaa Acholi-Pii, kaskazini, mpaka waasi wa LRA walipoishambulia kambi yao Agosti 2002. Wakapelekwa kwanza Kiryandongo, na kutoka Kiryandongo wengi wakaletwa huku Kyangwali. Mkimbizi aliyekimbia ukimbizini. Halafu 2018 tukaja sisi wa Ituri, wengi kwa miezi michache, na kipindupindu kikatupokea. Ndipo vijiji kama Maratatu na Malembo vikajaa turubai. Waliotangulia zamani walipata mashamba ya kulima. Waliokuja 2018 walipata kiwanja cha nyumba na bustani ndogo, kwa sababu ardhi hainyumbuliki.

Sijui ni familia ngapi zimelala pale tulipo sisi. Tulipochimba mashimo ya nguzo mpya tulikuta mawe matatu ya mafiga, yamepangwa vizuri, kiasi cha goti chini ya ardhi, na majivu meusi kati yake. Mdogo wangu alitaka kuyatoa. Mama akamwambia ayaache pale pale.

Mama na bati

Kutengeneza nyumba ni kazi ya hesabu. Msitu uko karibu, lakini Bugoma ni hifadhi ya serikali, na ukikutwa na panga na mti mbichi umepata kesi. Nguzo tulinunua za mikaratusi kwa Wanyoro wenyeji, tukazipaka oili chafu ya pikipiki ili mchwa wasizipende. Udongo mzuri wa kukandika ni wa kichuguu. Unaukanyaga na maji mpaka unashika, unaweka nyasi zilizokatwakatwa, unaupiga ukutani kwa kiganja. Ukikauka unapasuka, basi unarudia kwa udongo mwembamba uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Aliyetufundisha yote haya ni mama mmoja jirani, anayetoka upande ule mwingine wa vita yetu. Sitaandika makabila hapa. Wanaotoka Ituri wameshaelewa. Kwa wiki mbili yeye na mama yangu walikandika ukuta mmoja, mmoja ndani, mmoja nje, na hawakuzungumza kitu zaidi ya udongo.

Kuta zikaisha. Mlango tukaupata. Likabaki paa. Hapo njo ugomvi wetu ulipoanza.

Mimi nilitaka mabati. Turubai jipya linachakaa haraka kwa jua la huku, na nyasi nzuri za kuezeka zimekuwa adimu kwa vile kila mahali pamelimwa. Bati moja lilikuwa elfu thelathini na kitu, na tulihitaji ishirini. Hatukuwa na pesa hizo mkononi, lakini tulikuwa na robota la vitenge, lile lile la Katwe. Mama alikuwa amelifunga kwenye nailoni na kuliweka juu ya vitanda. Aliniambia ni la nauli na la kuanzia maisha Djugu, siku ya kurudi.

"Miye siko najenga huku," akasema. "Nyumba yangu iko Djugu. Hii ni ya kupita tu. Ukiweka bati, unasema umeshazika kwenu."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia Djugu hakuna nyumba, ilichomwa, na yeye aliona moshi. Hatukuongea siku tatu.

Februari 2021 WFP ilipunguza tena chakula, kikawa asilimia 60 ya kile kiwango kamili. Mei 2021 serikali ya Kongo ilitangaza hali ya dharura Ituri na Kivu Kaskazini, ikaweka wanajeshi badala ya magavana. Mama alisikiliza redio kila jioni akisubiri kusikia kwamba njia imefunguka. Badala yake tulisikia majina ya vijiji vilivyoshambuliwa, na watu wapya wakawa wanavuka ziwa. Turubai likachanika tena. Nikalishona kwa kamba ya nailoni. Tukaendelea hivyo mwaka mzima, mama na redio yake, mimi na sindano.

Wapolandi wa Nyabyeya

Shule zilifunguliwa kikamilifu Januari 2022, nikarudi darasani mkubwa kuliko wenzangu. Wakati huohuo nilianza kusaidia kwenye kikundi cha vijana, kazi ninayoifanya mpaka sasa. Katika likizo kikundi kilipata gari la kwenda Masindi kuona msitu wa Budongo. Karibu na msitu huo, Nyabyeya, kuna chuo cha misitu, na karibu na chuo kuna kanisa. Tulidhani ni kanisa tu. Kumbe ni la wakimbizi.

Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi, na Umoja wa Kisovieti ukaiingilia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti waliwasomba watu wengi sana wa mashariki ya Poland kwa treni za mizigo, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan kukata miti na kufanya kazi za sulubu. Wengi walikufa kwa baridi na njaa. Mwaka 1941 Ujerumani ilipoigeukia Umoja wa Kisovieti, Wapolandi wakaruhusiwa kutoka, na mwaka 1942 makumi ya maelfu walivuka Bahari ya Kaspi wakaingia Iran. Wanaume wenye nguvu walikwenda jeshini. Wanawake, wazee, watoto na mayatima walitafutiwa mahali, na sehemu yao waliletwa kwa meli kwenye makoloni ya Waingereza huku kwetu. Tengeru, karibu na Arusha, walikaa karibu 5,000. Uganda ilipokea karibu 7,000, katika makazi mawili: Koja, kando ya Ziwa Victoria, na hapo Nyabyeya, walikokaa zaidi ya 3,000.

Serikali ya kikoloni haikuwaweka Kampala. Iliwaweka pembeni ya msitu, kwenye nyumba za udongo zenye paa za nyasi. Fikiria mama aliyetoka kwenye theluji ya Siberia anaingia kwenye nyumba ya udongo Bunyoro, usiku, malaria iko nje inamngoja. Nilipokuwa nasimuliwa hayo niliona godoro letu linavyohamishwa kutoka kona hadi kona.

Lakini hawakukaa wakingoja. Walilima bustani, wakaanzisha shule za watoto na hospitali. Na kati ya 1943 na 1945, vita bado haijaisha, walijenga kanisa imara la Bikira Maria Malkia wa Poland. Liko wima mpaka leo, na Wakristo wa Nyabyeya wanasali humo. Pembeni yake kuna makaburi yenye majina marefu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuyatamka.

Vita ilipoisha, mipaka ilichorwa upya. Mashariki ya Poland, kule kule walikotolewa, ikabaki mikononi mwa Wasovieti. Wengi hawakuwa na nyumba ya kurudia hata kama nchi yenye jina lile ilikuwepo. Mwaka 1948 makazi ya Nyabyeya yalifungwa, na kidogo kidogo watu wakapelekwa Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Walikaa pale miaka sita hivi. Nyumba za udongo zimekwenda na mvua. Kanisa lipo.

Nilipiga picha nyingi kwa simu. Jioni nilipofika nyumbani nilimwonyesha mama, nikitegemea ataangalia kanisa. Aliangalia makaburi. Akakuza picha moja kwa vidole, kaburi dogo, la mtoto bila shaka kwa jinsi lilivyokuwa fupi.

"Hawa wazungu walikuwa wakimbizi?"

"Ndiyo, mama."

"Walikaa miaka ngapi?"

"Sita."

"Na wakajenga kanisa ya namna hii." Akanyamaza. Halafu akauliza, "Walirudi kwao?"

Nikamwambia wengi hapana, kwao palikuwa pamechukuliwa. Akanirudishia simu. Hakusema kitu kingine usiku ule, na mimi kwa mara moja nilikuwa na akili ya kunyamaza.

Wiki iliyofuata alishusha robota. Akalifungua, akatoa vitenge kimoja kimoja, akavikung'uta. Viwili panya walikuwa wameshaonja. Vilivyobaki akavipeleka kwenye soko la Kasonga kwa siku nne. Kimoja tu hakukiuza, cha rangi ya bluu. Hicho akampa yule mama jirani aliyekandika naye ukuta. Pesa zilitosha mabati kumi na nne, na mengine sita tuliyapata kwa mkopo wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Tuliezeka Septemba 2022, kabla ya mvua kubwa.

Sitaki kusema kwamba mama alibadilika. Bado anasikiliza redio ya jioni. Siku ya kuezeka, fundi akiwa juu anapiga misumari, mama alisimama chini akamwambia asiipinde ncha za misumari kwa ndani. Nikamuuliza kwa nini.

"Siku ya kurudi nitaitoa bati zangu zote ishirini," akasema.

Muzee alikuwa amekaa chini ya parachichi akisikia. Akasema hata mama yake alikuwa na mpango wa kung'oa migomba.

Kwa wasomaji wetu wa aina mbili

Ninyi mnaofanya kazi na mashirika, nawaheshimu, na wengine ni marafiki zangu. Mnatuuliza kwenye fomu tunategemea kukaa muda gani. Halafu vifaa vya nyumba vinapangwa kufuatana na jibu, na jibu siku zote ni "muda mfupi", kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuandika kingine bila kuumia. Wanyarwanda wangejibu muda mfupi, na wengi walikaa miaka zaidi ya thelathini. Wapolandi walikaa sita, lakini paa lao la kanisa lingefaa miaka mia. Mtu anaweza kutaka kurudi kwao kwa moyo wote na papo hapo akahitaji nguzo isiyoliwa na mchwa. Ulizeni nyumba inavuja wapi. Hilo tunaweza kulijibu bila kusema uongo.

Na ninyi vijana wenzangu, hasa mliotoka Kampala kama mimi na bado mnahesabu siku za kurudi Katwe. Sisemi msirudi. Mimi mwenyewe nikienda Kampala kwa mafunzo napita kwenye ule muzigo wetu, naangalia pazia la watu wengine mlangoni. Mji una kazi, una shule, una watu wasiokuuliza ulifika lini. Ninachosema ni kwamba msikae kwenye nyumba zilizoachwa na wengine kama abiria kwenye stendi. Wale waliotutangulia walituachia miyenzi ya kuzuia upepo na mtu wa kutuambia mmea unaitwaje. Mjomba alipanda parachichi, na sasa yuko Marekani. Mwaka jana lilizaa mpaka matawi yakavunjika, tukauza, tukalipa deni la yale mabati sita. Yeye tulimtumia picha tu.

Wiki hii nimepunguza miyenzi. Muzee alinionyesha namna, kukata kwa mshazari na kugeuza uso pembeni ili maziwa yake yasikuingie machoni. Matawi niliyokata hatukuyatupa. Tumeyachomeka upande wa kusini, ambako hakukuwa na uzio. Mama alikuja akayaangalia, akasema yako mbalimbali mno, kuku watapita. Akainama akaanza kuyasogeza.